Msimu Uliharibika, au Uliharibiwa?

Juzi jioni, katika baraza moja ya kahawa isiyo mbali na Ngome ya Yesu, hapo wazee wa Mji wa Kale wanapokutana baada ya sala ya alasiri, nilimsikia mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini akitamka sentensi ambayo imenikaa kichwani hadi leo. Mazungumzo yalikuwa ya kabumbu. Walikuwa wakikumbushana habari za klabu ya Bandari, na hususan msimu wa 2019/2020, ambao wapenzi wa timu hiyo wangali wanautaja kwa uchungu, mithili ya mtu anayetaja shamba lililouzwa na marehemu babu yake. Mzee akasema, “Msimu ule uliharibika tu.” Wenzake wakaitikia, vikombe vikajazwa tena, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya papa.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na maradhi ya watu wa fani yangu ni kusikiliza vitenzi pale ambapo wenzao wanasikiliza habari. Mzee hakusema msimu uliharibiwa, alisema uliharibika. Tofauti baina ya maneno hayo mawili ni ya herufi moja, lakini ndani ya herufi hiyo mna kesi nzima. Kila mwanafunzi aliyefundishwa mnyambuliko wa vitenzi anajua kwamba kauli ya kutendwa humwekea mtenda nafasi yake katika sentensi: msimu uliharibiwa na fulani. Hata asipotajwa, kiti chake kipo, kitupu, kinamngojea, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani anayepaswa kukikalia. Kauli ya kutendeka haina kiti hicho. Chungu kimevunjika, nguo imeraruka, wali umeungua. Mambo yametokea yenyewe, na anayeuliza ni nani aliyeyafanya huonekana mgomvi. Hata methali yetu mashuhuri isemayo kwamba maji yakimwagika hayazoleki haituambii ni nani aliyeyamwaga. Twaambiwa tusihangaike kuyazoa, basi.

Msomaji asidhani nimekuja kumpa somo la sarufi kwa kisingizio cha soka. Swali langu ni la haki. Kila msimu unapokwenda mrama, tunawahukumu watu: aliyemsajili huyu, aliyemtema yule, aliyemfuta kazi mkufunzi. Tunawahukumu kwa ukali barazani na gazetini, kisha tunapofika kwenye hukumu yenyewe, ulimi unatuponyoka na tunasema mambo “yaliharibika”. Tunakuwa wakali na waoga kwa wakati mmoja. Naamini kwamba inawezekana kumhukumu kwa haki mtu anayeunda timu, na nitajaribu kufanya hivyo kwa msimu huo huo wa Bandari. Lakini hukumu ya namna hiyo yahitaji mambo mawili ambayo aghalabu hatuna: kujua aliamua nini wakati alipokuwa bado hajayaona matokeo, na kujua jina lake.

Kwa faida ya vijana, nikumbushe yaliyotangulia. Bandari ni timu ya Halmashauri ya Bandari ya Kenya, KPA, na maskani yake ni Mbaraki, jirani na gati za Kilindini. (Jina Kilindini latokana na kilindi, yaani maji ya kina kirefu; kina hicho ndicho kilichoziita meli kubwa upande huo wa kisiwa zikaiachia bandari ya kale majahazi.) Timu ilirudi katika ligi kuu mwaka 2013, ikatwaa Ngao mwaka 2015, na baada ya hapo ikawa inapanda. Mwaka 2018 ilimaliza ligi katika nafasi ya pili nyuma ya Gor Mahia. Januari 2019 ilikwenda Dar es Salaam kushiriki Kombe la SportPesa, ikawatoa wenyeji Simba kwa mabao 2-1 katika nusu fainali kabla ya kufungwa 1-0 na Kariobangi Sharks katika fainali. Msimu wa 2018/2019 ikashika tena nafasi ya pili nyuma ya Gor Mahia, na mwaka huo huo ikalipiza kisasi kwa kuifunga Sharks 3-1 katika fainali ya Ngao. Mji mzima ulikuwa na hakika kwamba msimu uliofuata ungekuwa wetu. Tangu Feisal ya Mombasa ilipotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1965, hakuna klabu ya Pwani iliyolibeba taji hilo, na wazee waliowaona Feisal kwa macho yao walikuwa wakihesabu siku.

Haukuwa wetu. Timu iliyokuwa ikiwania ubingwa kwa misimu miwili mfululizo ilijikuta mbali na kilele. Mkufunzi wake, Bernard Mwalala, hakuufikisha msimu mwishoni. Machi 2020 ugonjwa wa korona ukasimamisha ligi, na mwishoni mwa Aprili Shirikisho la Soka la Kenya likautangaza msimu kuwa umekwisha na Gor Mahia kuwa bingwa. Hapo ndipo mashtaka yalipoanza kumiminika, na hayajakauka hadi leo: kipa aliachwa aende, mkufunzi alifutwa bila sababu (wengine husema alichelewa kufutwa), wageni walisajiliwa kuliko wenyeji, fedha zilikuwepo na hazikutumiwa vizuri.

Tuanze na kipa. Farouk Shikhalo aliondoka Mbaraki katikati ya mwaka 2019 akajiunga na Young Africans ya Dar es Salaam. Barazani huulizwa, “Walimwachaje kipa kama yule?” Swali hilo lina kitenzi cha kutenda, na kwa hivyo ni swali la kiungwana kuliko kauli ya mzee wangu, lakini limemtwika mzigo asiyestahili kuubeba. Yanga ni klabu iliyoasisiwa mwaka 1935, na nusu ya nchi ya jirani hulala ikiiwaza. Mchezaji aliye katika ubora wake anapoitwa na klabu kama hiyo, yeye ndiye anayeiacha klabu yake, klabu haimwachi. Kumlaumu aliyekuwa ofisini Mbaraki kwa jambo hilo ni sawa na kumlaumu mwalimu mkuu wa shule ya wilaya kwa kuwa mwalimu wake wa hisabati ameajiriwa na benki. Swali la haki ni jingine. Watanzania walikuwa wameiona Bandari kwa macho yao tangu Januari. Je, kati ya Januari na Julai kulikuwa na mtu aliyekaa akaandika katika daftari: kipa wetu huenda akachukuliwa, mrithi wake ni huyu, na sababu za kumchagua ni hizi? Ikiwa alikuwepo, basi alifanya kazi yake hata kama mrithi hakufaa. Ikiwa hakuwepo, basi kosa lilifanyika kabla ya kipa kufunga mizigo, na lingekuwa kosa hata kama bahati ingemleta kipa bora zaidi siku iliyofuata.

Hapa naomba ruhusa nivuke bahari kidogo. Katika besiboli, mchezo wa Wamarekani wa mpira na gongo, kila timu ina watu wawili ambao sisi tungewachanganya. Yupo meneja, anayekuwa uwanjani na kuamua ni nani acheze leo. Huyo ndiye tunayemwita mkufunzi. Na yupo meneja mkuu, anayekaa ofisini, ambaye kazi yake ni kununua wachezaji, kuwabadilisha na kuwaacha. Kwetu sisi neno meneja wa timu humaanisha yule bwana anayehangaika na jezi, basi na maji ya kunywa, na pengine umaskini huo wa istilahi unatueleza jambo kuhusu umaskini wa mpangilio wetu.

Mwaka 2002 timu ya Oakland Athletics, iliyokuwa ikilipa mishahara ya takriban dola milioni 40 hali New York Yankees ikilipa zaidi ya milioni 120, ilianza msimu ikiwa imewapoteza nyota watatu waliokimbilia timu zenye fedha. Kufikia Mei ilikuwa imepoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Meneja mkuu wake, Billy Beane, akamtoa Jeremy Giambi, ndugu wa mmoja wa nyota walioondoka, akampeleka Philadelphia na kumpokea John Mabry, mchezaji asiyekuwa na sifa kubwa. Wengi waliona amechanganyikiwa. Agosti na Septemba timu hiyo hiyo ilishinda mechi 20 mfululizo, ikamaliza msimu wa kawaida na ushindi 103, na Beane akaitwa mwerevu. Oktoba ikatolewa na Minnesota katika hatua ya kwanza ya mchujo, na waliokuwa wakimcheka Mei wakapata tena la kusema. Uamuzi ulikuwa ni ule ule mmoja, wa siku moja, uliofanywa na mtu mmoja kwa habari alizokuwa nazo siku hiyo. Hukumu ndizo zilizokuwa tatu.

Walimu wenzangu wanalifahamu jambo hili vizuri kuliko wachambuzi wengi wa michezo. Mwongozo wa kusahihisha huandikwa kabla ya karatasi za watahiniwa kufunguliwa, na msahihishaji anayeubadilisha baada ya kuona ni nani amepata ngapi ni mwizi, hata kama amefanya hivyo kwa huruma. Na bado, tukitoka katika chumba cha kusahihishia, tunayasahau hayo yote. Mwalimu mkuu huhamishiwa shuleni mwezi wa Januari, na matokeo ya KCSE ya mwaka huo yanapotoka husifiwa au huzomewa kwa ajili ya watahiniwa ambao waliingia kidato cha kwanza miaka mitatu kabla yeye hajalijua hata lango la shule. Timu ya soka nayo huundwa hivyo hivyo, kwa tabaka juu ya tabaka, na anayevuna si lazima awe ndiye aliyepanda.

Sasa tukiupima msimu wa Bandari kwa mwongozo ulioandikwa mapema, yapo mashtaka yanayoanguka, kama hilo la kipa, na yapo yanayosimama. Linalosimama wima kuliko yote, kwa maoni yangu, ni shtaka la kalenda.

Siku Bandari ilipotwaa Ngao mwaka 2019, kila aliyeweza kuhesabu alijua lililokuwa likija. Bingwa wa Ngao huenda Kombe la Mashirikisho barani Afrika. Juu ya safari za ligi kungekuwa na safari za Afrika, na hakukuhitajiwa utabiri wowote kuliona hilo. Fauka ya hayo, uwanja wa manispaa wa Mombasa ulikuwa umefungwa kwa ukarabati, na Mbaraki haukutosheleza masharti ya mechi za bara. Kwa hivyo mechi za “nyumbani” zikachezwa Kasarani, Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 480. Neno nyumbani lilikuwa limepoteza maana yake. Timu iliitoa Al-Ahly Shendi ya Sudan, ikaitoa Ben Guerdane ya Tunisia, na ilipofika katika mechi za mwisho za kuwania kuingia makundi ikatolewa na Horoya ya Guinea. Msomaji aitazame ramani: Khartoum, Tunis, Conakry, na baina yake kurudi Kenya kucheza ligi, tangu Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba.

Waama, safari hiyo ilikuwa fahari. Nilikuwa miongoni mwa waliokesha kusikiliza habari za Tunisia, na sitaikana furaha yangu kwa kuwa nimekuwa mchambuzi. Lakini kikosi kinachotosha mechi moja kwa juma hakitoshi mechi mbili na ndege tatu. Aliyekuwa na jukumu la usajili mwezi wa Juni alipaswa kuchagua moja kati ya mambo mawili: ama kukipanua kikosi hadi kiweze kubeba mizigo yote miwili, ama kuwaambia mashabiki wazi kwamba mwaka huu tunakwenda Afrika, na ligi itaumia. Chaguo lolote kati ya hayo lingekuwa na heshima yake. Lakini mashabiki hatukuambiwa mojawapo; tuliachwa tutarajie yote mawili, na matarajio hayo ndiyo yaliyogeuka uchungu.

Wala umaskini hauwezi kuwa kisingizio. Agosti 2019 SportPesa ilijiondoa katika udhamini wa michezo nchini, na vilabu vikaanza kuyumba mmoja baada ya mwingine. SoNy Sugar, mabingwa wa mwaka 2006, waliondolewa ligini msimu huo kwa kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Bandari haikulala njaa. Ilikuwa na shirika lenye meli na makreni nyuma yake. Katika msimu ambao wengi walikuwa wakitafuta nauli, klabu moja iliyokuwa na nauli ilipaswa kutangulia. Kwa kweli hilo ndilo linalonikera kuliko kufungwa kwenyewe.

Na mkufunzi? Mwalala, mshambulizi wa zamani wa Harambee Stars aliyewahi pia kuichezea Yanga, alikuja Mbaraki kutoka Nzoia Sugar mwaka 2018, baada ya Mganda Paul Nkata kuondoka. Chini yake timu ilishika nafasi ya pili, ikatwaa Ngao na kuvuka raundi mbili za Afrika. Kilichobadilika baina ya Mei na Desemba 2019 ni kalenda na kikosi. Mtu alikuwa yule yule. Yamkini waliokuwa ndani walishuhudia mambo katika chumba cha kubadilishia nguo ambayo sisi wa nje hatukuyaona, na sitaki kudai kwamba mkufunzi hawezi kuchosha. Lakini nikiusoma mfululizo huo wa matukio, naona uamuzi uliokuwa rahisi kuliko yote, na ndiyo sababu ulikuwa wa kwanza kufikiriwa. Kumwondoa mtu mmoja hakuhitaji kukiri kwamba hesabu ya Juni ilikosewa.

Tazama pia lugha inavyotusaidia kufanya hivyo. Kwa Kiswahili cha magazeti yetu, mkufunzi akiondolewa husemwa kwamba “amemwaga unga”. Yaani mfukuzwaji ndiye mtenda. Unga ulikuwa wake, na ameumwaga kwa mkono wake mwenyewe. Au tutasema “kibarua chake kimeota nyasi”, kana kwamba kazi ni kiwanja kilichoachwa wakati wa masika, nyasi zikaota zenyewe bila mtu kutia sahihi barua yoyote. Vilabu navyo hupenda kutangaza kwamba “pande mbili zimeachana kwa makubaliano”, kauli ya kutendana, ambayo huwafanya wawili kuwa watenda wa jambo lililotakwa na mmoja. Afadhali ile semi ya “kupigwa kalamu”. Hiyo walau yatukumbusha kwamba kulikuwa na kalamu, na kalamu haijishiki. (Bibi yangu, Mungu amrehemu, alipokuwa akisikia redioni kwamba mchezaji “ameachwa” alikuwa akiuliza: kwa talaka ngapi? Tulikuwa tukimcheka. Siku hizi naona lilikuwa swali zuri, maana talaka ina mtoaji anayejulikana na tarehe inayokumbukwa.)

Ni nani basi aliyeishika kalamu? Hapa ndipo penye ugumu wa Bandari, na wa vilabu vyote vya mashirika ya umma. Bandari si klabu ya wanachama kama Gor Mahia au AFC Leopards, ambako mwenyekiti huchaguliwa na anaweza kuzomewa mkutanoni. Ni mali ya shirika lililoundwa mwaka 1978, baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. (Kuvunjika! Hata vitabu vyetu vya historia havisemi ilivunjwa.) Wakati ninaouzungumzia klabu ilikuwa na mtendaji mkuu wake, Edward Oduor, na benchi la ufundi. Juu yao ilikuwepo Halmashauri, ambayo kiti chake cha mkurugenzi mkuu kilimtoka Catherine Mturi-Wairi mwaka 2018 kikamwendea Daniel Manduku, naye Manduku akajiuzulu Machi 2020. Siwataji ili kuwalaumu. Nawataja ili kuonyesha urefu wa ngazi ambayo kandarasi ya beki mmoja wa kushoto hulazimika kuipanda. Mkufunzi hupendekeza, afisi ya klabu hujadiliana, shirika hulipa. Timu ikishinda, ngazi nzima hupiga picha na kombe. Ikishindwa, kila kipandio huonyesha kidole kile cha juu yake au cha chini yake, na mwishowe hukumu humwangukia yule aliye chini kabisa, anayesimama kando ya uwanja ambapo kila mtu anamwona.

Limebaki shtaka la wageni na wenyeji, na hili nitalisema kwa uangalifu kwa sababu Mombasa ni mji uliojengwa na wageni. Nahodha wa timu hiyo, Felly Mulumba, ni Mkongo, na aliitumikia jezi kwa moyo ambao wenyeji wengi wangeuonea wivu. Kusajili mgeni si kosa. Kosa, kama lipo, ni la miaka mingi, wala si la dirisha moja la usajili: ni kuwa klabu yenye uwezo kama huo haijafanya nyanja za Makadara, Likoni, Changamwe na Kisauni kuwa shule zake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo ni ya ngoma, lakini kitenzi chake cha kwanza ni kile kile tunachokitumia kwa kandanda, na kitenzi chake cha pili, tafadhali msomaji, ni cha kutendwa. Hutunzwa na nani?

Nina sababu ya kuuliza. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu, kiungo hodari niliyemwona akikua katika uwanja wa Makadara, alijaribiwa na klabu moja ya madaraja ya chini, ambayo si Bandari na ambayo sitaitaja. Alifanya mazoezi nao majuma sita. Alikuwa akienda na kurudi kwa miguu ili nauli imtoshe mama yake sokoni. Siku ya orodha kutolewa alikwenda asubuhi, akarudi adhuhuri, akaja moja kwa moja kwangu kwa sababu mimi ndimi “msomi” wa mtaa.

“Ami,” aliniambia, “wamesema jina langu halikuonekana.”

Nilimuuliza ni nani aliyesema. Akanijibu kwamba ni karani aliyekuwa langoni. Nilimuuliza ni nani aliyeandika orodha. Hakujua, na karani naye hakujua. Kisha akaniuliza swali ambalo kwa ujuzi wangu wote wa sintaksia sikuweza kulijibu: “Nilikosa nini, ili nikarekebishe?” Kasi? Kimo? Mguu wa kushoto? Au kulikuwa na mtoto wa mtu? Sentensi aliyopewa haikuwa na mtu ndani yake ambaye angeweza kuulizwa. Jina halikuonekana, kama mwezi usivyoonekana usiku wa mawingu. Alikaa miezi kadhaa bila kuugusa mpira. Sasa huendesha tuktuk kati ya Buxton na feri.

Ninachopendekeza hakina gharama, na ninakipendekeza kwa Bandari na kwa kila klabu yenye fedha ya umma. Kila usajili, kila mchezaji anayeachwa na kila mkufunzi anayeajiriwa au kuondolewa, iandikwe karatasi moja: nani ameamua, tarehe gani, kwa kutegemea habari zipi, na anatarajia nini. Karatasi ikae kabatini. Msimu ukiisha ifunguliwe mbele ya wanaohusika, na aliyeamua aulizwe kwa maneno yake mwenyewe. Aliyefikiri vizuri akapatwa na bahati mbaya atalindwa na karatasi hiyo. Aliyefikiri vibaya akaokolewa na bahati njema itamfichua, na huyo ndiye wa hatari zaidi, maana msimu ujao atapewa fedha nyingi zaidi.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa michezo katika shule ya upili, alinipinga vikali nilipomweleza wazo hili. Alisema kwamba kumwambia kijana wa miaka kumi na saba sababu ya kuachwa kwake ni kumvunja moyo, na kwamba kauli ya kutendeka ni adabu ya Kiswahili, tuliyojifunza kwa wazee wetu ili tusiaibishane. Nilikubali nusu ya maneno yake. Ni kweli kwamba lugha yetu imejaa stara, na sitaki ivuliwe nguo. Mpishi aliyeunguza wali hahitaji kutajwa mbele ya wageni. Lakini stara huwekwa kwa ajili ya mnyonge, naye aliyekuwa akistiriwa katika kisa cha kijana wangu hakuwa kijana. Alikuwa yule aliyeandika orodha. Rafiki yangu alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba yeye huwaita wachezaji anaowaacha mmoja mmoja nyuma ya darasa na kuwaeleza kwa kinywa chake. Nikamwambia kwamba basi hatubishani.

Mwezi uliopita kijana wa tuktuk alinisimamisha karibu na Buxton, akakataa nauli yangu, akanieleza kwamba mdogo wake ana miaka kumi na sita, ana mguu wa kushoto kuliko yeye, na ameitwa kujaribiwa. Alitaka nimpe neno la kumpelekea. Nilimwambia amnunulie kalamu na daftari, na siku ya orodha, akiambiwa jina halikuonekana, aulize kwa adabu ni nani aliyelitafuta.